Anzia karibu: neno moja gumu la Kiingereza na njia ya kupata msaada Birmingham



Katika toleo hili tunakuletea neno la Kiingereza ambalo hata majirani zako wengi waliozaliwa hapa Birmingham hawalitumii. Hutalisikia dukani wala kwenye basi. Mwalimu wako wa Kiingereza huenda akafikiri kidogo kabla ya kukueleza. Neno lenyewe ni "subsidiarity". Litamke polepole: sab-si-di-A-ri-ti, ukiikazia hiyo A.

Huna haja ya kulikariri. Tunalileta kwa sababu wazo lililomo ndani yake litakusaidia kujua uende ofisi gani, umwone nani kwanza, na ufanye nini usiposikilizwa. Familia nyingi huhangaika kwa miezi ilhali zina haki kabisa. Tatizo ni kwamba zilibisha hodi kwenye mlango usiohusika, au zilibisha mara moja tu zikanyamaza.

Maana yake

Kwa Kiswahili cha kawaida tunaweza kusema hivi: jambo liamuliwe na wale walio karibu nalo, maadamu wanaliweza. Wakishindwa, ngazi ya juu yao iwasaidie. Ngazi ya juu isiwanyang'anye kazi wanayoiweza, wala isiwaache wanapolemewa.

Wazo hili si geni kwetu. Wazee walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Anayelala chumbani ndiye anayejua maji yanapenya wapi na mtoto anakohoa saa ngapi. Walisema pia, fimbo ya mbali haiui nyoka. Nyoka akiingia ndani huandiki barua kwa waziri. Unachukua fimbo iliyo karibu na kumwita jirani.

Neno hili limetoka katika Kilatini, "subsidium". Kwa Warumi, hao walikuwa askari wa akiba waliokaa nyuma ya mstari wa mbele, wakasogea kusaidia wenzao walipozidiwa. Neno la Kiingereza "subsidy", yaani ruzuku, lina mzizi huohuo. Kwa hiyo ndani yake kuna mambo mawili. La kwanza: walio karibu waanze. La pili: walio nyuma wawe tayari kuja. Watu wengi hukumbuka la kwanza na kusahau la pili. Tunaomba uyashike yote mawili.

Neno hili na mji wetu

Papa Pius XI alilieleza wazo hili katika waraka wake wa mwaka 1931. Lakini neno lenyewe lilienea katika siasa za Ulaya mwaka 1992, na mji wetu una sehemu katika habari hiyo.

Mwaka huo nchi za Ulaya zilitia saini Mkataba wa Maastricht. Watu wengi waliogopa kwamba mambo yao yangeanza kuamuliwa Brussels, mbali na kwao. Tarehe 2 Juni wananchi wa Denmark walipiga kura, wakaukataa. Baadaye mwaka huo Uingereza ilikuwa kwenye zamu ya uenyekiti, na waziri mkuu John Major aliwaita viongozi wenzake kwenye mkutano maalumu. Walikutana hapa Birmingham tarehe 16 Oktoba 1992, katika jumba la mikutano la ICC. Kama umewahi kwenda Maktaba ya Birmingham, ile iliyopambwa nje kwa duara nyingi za chuma, basi umelipita. Yote mawili yapo Centenary Square.

Viongozi hao walitoa tamko linaloitwa Tamko la Birmingham. Walijua kwamba watu wa kawaida hawalielewi neno "subsidiarity", kwa hiyo waliweka pembeni yake neno jepesi, "nearness", yaani ukaribu. Sisi Waswahili tunalielewa upesi. Mtu akibisha hodi tunamwambia "karibu", na neno hilohilo linamkaribisha na kumwambia asogee.

Uingereza ilitoka katika Umoja wa Ulaya tarehe 31 Januari 2020, lakini wazo la ukaribu halikuondoka nao. Mwaka 2011 Bunge la Uingereza lilikuwa limeshapitisha sheria iitwayo Localism Act, ya kuyapa maeneo madaraka zaidi juu ya mambo yao.

Wewe tayari unazijua ngazi

Kama uliishi Uganda, unamkumbuka mwenyekiti wa LC1. Bila barua yake, mambo mengi hayakwenda. Juu yake kulikuwa na ngazi nyingine mpaka LC5 ya wilaya. Kama uliishi Tanzania, unamjua balozi wa nyumba kumi, mwenyekiti wa kijiji au mtaa, na diwani wa kata. Waliotoka Kenya wanalijua neno ugatuzi, kwa sababu katiba ya mwaka 2010 iliunda kaunti 47. Na ndugu zetu wa Goma, Bukavu na Uvira wamezoea avenyu, kartiye na komini. Nchini Kongo, katiba ya mwaka 2006 iliahidi kuipa mikoa nguvu zaidi, na mwaka 2015 mikoa 11 ikagawanywa kuwa 26.

Lakini maisha ya kambini yalitufundisha jambo jingine pia. Mambo makubwa yaliamuliwa mbali. Mgao ukipungua, uamuzi ulitoka nje. Safari yako iliamuliwa na watu ambao hukuwahi kuwaona, nawe ulikwenda kila siku kutazama majina kwenye ubao. Wengi tulijifunza kungoja, na kambini kungoja kulikuwa na maana yake.

Hapa Birmingham, kungoja bila kuuliza kunaweza kukuumiza. Ofisi nyingi hudhani kwamba mtu asiyesema hana shida.

Ngazi za Birmingham, kuanzia chini

*Ngazi ya kwanza: wanaokuhudumia uso kwa uso.* Hawa ni mwalimu wa darasa la mtoto wako, kliniki ya daktari wako wa familia, yaani GP, na mwenye nyumba au shirika la nyumba. Mambo mengi huishia hapa.

*Ngazi ya pili: kata na diwani.* Jiji letu lina kata 69 na madiwani 101. Kila kata ina diwani mmoja au wawili. Kazi yao ni kuwasikiliza wakazi wote wa kata. Huhitaji kuwa raia wala kuwa na haki ya kupiga kura ili kumwona. Angalia neno moja linalowachanganya wengi, "surgery". Ni kliniki ya daktari, lakini pia ni kikao ambapo diwani au mbunge hukutana na wakazi. Ukiona tangazo la "surgery" ya diwani, usiende na dawa zako. Nenda na barua zako.

*Ngazi ya tatu: halmashauri ya jiji, ambayo wengi wetu tunaiita kansili.* Inashughulikia maombi ya nafasi za shule, nyumba, taka, maktaba, huduma za jamii kwa watoto na wazee, na kodi ya halmashauri.

*Ngazi ya nne: mamlaka ya pamoja ya West Midlands.* Inaunganisha halmashauri saba: Birmingham, Coventry, Dudley, Sandwell, Solihull, Walsall na Wolverhampton. Inahusika zaidi na usafiri, kama tramu na mipango ya mabasi. Tangu mwaka 2017 inaongozwa na meya anayechaguliwa. Usimchanganye na Lord Mayor wa Birmingham, yule anayevaa mkufu mkubwa kwenye sherehe. Huyo ni wa heshima, hana ofisi ya kutatua shida yako.

*Ngazi ya tano: serikali kuu na Bunge, London.* Mambo ya uhamiaji na Universal Credit yako huku. Mlango wako wa kuingia ngazi hii ni mbunge wa eneo lako. Anaweza kuiandikia wizara kwa niaba yako barua yako inapokwama, hata kama wewe si raia.

Pengine utauliza: je, ngazi ya chini ikilemewa kabisa? Tumeliona hilo hapahapa. Tarehe 5 Septemba 2023 halmashauri ya Birmingham ilitangaza rasmi kwamba fedha zake hazitoshi matumizi yake. Mwezi uliofuata serikali kuu ilileta makamishna kuisimamia. Mwaka 2024 kodi ya halmashauri ilipanda kwa karibu asilimia 10 na huduma nyingi zikapunguzwa. Kwa hiyo ukipiga simu kansili na kungoja muda mrefu, si kwamba wamekudharau wewe. Lakini uhaba wao hauondoi haki yako, na hiyo ndiyo sababu ya kuzijua ngazi zilizo juu yao.

Mfano: ukungu mweusi ukutani

Tuchukue tatizo ambalo familia nyingi zinalijua: unyevu na ukungu mweusi kwenye kuta za chumba cha watoto.

Rochdale, karibu na Manchester, kulikuwa na mtoto aitwaye Awaab Ishak. Wazazi wake walitoka Sudan. Nyumba yao, iliyomilikiwa na shirika la nyumba, ilikuwa na ukungu. Baba yake alitoa taarifa mwaka 2017, akaambiwa apake rangi juu yake. Ukungu ulirudi. Desemba 2020 Awaab alifariki akiwa na miaka miwili, na mwaka 2022 uchunguzi wa mahakama ya vifo ulithibitisha kwamba kilichomuua ni ukungu ule. Baadaye shirika hilo lilikiri kwamba lilijifanyia dhana kuhusu namna familia hiyo inavyoishi, na kwamba lilikosea.

Tazama kilichoharibika. Aliye karibu na tatizo, yaani baba, alilijua na alilisema. Aliyepaswa kumsaidia alikaa mbali akaamua kwa kudhani, bila kusikiliza. Wazo la ukaribu linapovunjwa, mtoto anaweza kupoteza maisha.

Wazazi wake walipigania mabadiliko, na leo kuna sheria inayoitwa kwa jina la mtoto wao, Awaab's Law. Ilianza kutumika tarehe 27 Oktoba 2025 kwa nyumba za halmashauri na za mashirika ya nyumba. Hatari ya dharura lazima ichunguzwe na kudhibitiwa ndani ya saa 24. Unyevu au ukungu wenye hatari kubwa lazima uchunguzwe ndani ya siku 10 za kazi, na wakiuthibitisha, nyumba ifanywe salama ndani ya siku 5 za kazi baada ya uchunguzi.

Basi ukiona ukungu, panda ngazi hivi:

1. Mwandikie mwenye nyumba au shirika la nyumba. Simu peke yake haitoshi. Tuma barua pepe au ujumbe wenye tarehe, weka picha, na utaje kama kuna mtoto mchanga, mgonjwa wa pumu au mzee.

2. Kama nyumba ni ya shirika au ya halmashauri na hawafanyi kitu, sema kwamba unafungua malalamiko rasmi. Yana hatua mbili. Wakishayapokea rasmi, hatua ya kwanza wanatakiwa kukujibu ndani ya siku 10 za kazi, na ya pili ndani ya siku 20 za kazi.

3. Usiporidhika, peleka malalamiko kwa Housing Ombudsman, ambaye ni msuluhishi wa nchi nzima. Hutozwi pesa.

4. Kama umepanga kwa mtu binafsi, baada ya kumwandikia nenda kansili. Ina uwezo wa kisheria kuja kukagua nyumba yako na kumwamuru mwenye nyumba atengeneze.

5. Katika hatua yoyote unaweza kumwona diwani wako. Mpelekee nakala za barua zote ulizotuma.

Ukianza na namba 3, watakurudisha namba 1. Ukiishia namba 1, huenda usipate chochote. Ndiyo maana ya lile neno letu.

Shuleni na kwa daktari

Shuleni ni vivyo hivyo. Mtoto akionewa, anza na mwalimu wa darasa, kisha mwalimu mkuu, kisha bodi ya shule. Kila shule lazima iwe na utaratibu wa malalamiko ulioandikwa. Uombe.

Kwa daktari, kuna jambo moja la ukaribu ambalo wengi hawalisemi: aina ya Kiswahili chako. Una haki ya kuomba mkalimani bila kulipa. Lakini mkalimani wa Mombasa na mgonjwa wa Fizi wanaweza wasielewane vizuri. Mmoja anasema daktari, mwingine anasema munganga. Mmoja anasema shule, mwingine anasema masomo. Maneno ya mwilini na ya dawa hutofautiana zaidi. Unapopanga miadi, sema wazi: Kiswahili cha Kongo, Kiswahili cha Tanzania, au kama unapendelea Kibembe au Kinyamulenge. Mtu wa mapokezi hawezi kujua usipomwambia. Usimtumie mtoto wako kutafsiri habari za ugonjwa. Kuna mambo ambayo mtoto hapaswi kuyabeba.

Pale ambapo karibu si mlango sahihi

Tulisema jambo lianze na walio karibu maadamu wanaliweza. Sasa tuangalie mambo manne ambayo walio karibu hawayawezi, au hawayatoshi.

*Dharura.* Moto, ajali, mtu asiyepumua vizuri, uhalifu unaoendelea: piga 999 moja kwa moja. Kwa ugonjwa usio wa dharura hiyo, piga 111. Kwa polisi pasipo na haraka, piga 101.

*Kupigwa nyumbani.* Nyumbani kwetu wazee wa ukoo huketi kwanza. Hapa kumpiga mke au mume, au kumpiga mtoto hadi kumjeruhi, ni kosa la jinai, na anayeumizwa ana haki ya kuita polisi leo. Hahitaji ruhusa ya mzee, mchungaji wala shehe. Ukaribu haukuwekwa ili kuficha jeraha.

*Mambo ya uhamiaji.* Jirani anayejua Kiingereza anaweza kukusomea barua. Hawezi kukushauri juu ya kesi yako, hata akiwa na nia njema. Kwa sheria ya mwaka 1999, kutoa ushauri wa uhamiaji bila kusajiliwa au kuruhusiwa kisheria ni kosa. Ukimlipa mtu asiyeruhusiwa, unaweza kupoteza pesa na kesi. Tuulize sisi, tutakuelekeza kwa aliyesajiliwa.

*Kuhama mji.* Wengi wana ndugu Manchester, Leeds au London na wanatamani kuwafuata. Kabla ya kuondoka, jifunze maneno mawili: "local connection", yaani mafungamano na eneo. Ukiomba msaada wa nyumba kwa sababu huna pa kuishi, kansili itaangalia kama umeishi kwake kwa muda, unafanya kazi kwake, au una ndugu wa karibu waliokaa hapo miaka mingi. Usipokuwa na mafungamano hayo, inaweza kukurudisha ulikotoka. Zungumza nasi kabla ya kufunga mizigo.

Maneno ya kwenda nayo

Hutahitaji kulitamka neno "subsidiarity" mbele ya mtu. Chukua sentensi hizi tatu badala yake, uziandike nyuma ya daftari lako.

"Who is responsible for this?" Maana yake: Nani anahusika na jambo hili?

"Can you put that in writing, please?" Maana yake: Unaweza kuniandikia hilo, tafadhali?

"What is the next step if I am not happy?" Maana yake: Nisiporidhika, hatua inayofuata ni ipi?

Sentensi ya kwanza inakupeleka kwenye mlango unaohusika. Ya pili inakupa ushahidi. Ya tatu inakuonyesha ngazi ya juu, na kila ofisi nzuri inapaswa kuwa na jibu lake.

Kama una barua usiyoielewa, usiiweke kabatini. Ilete ofisini kwetu, hata kama imepita muda, tuisome pamoja na tutafute ngazi yake. Na kama umewahi kupanda ngazi hizi ukafanikiwa, mweleze jirani aliyefika juzi. Wewe ndiye uliye karibu naye, na huenda akakusikiliza kuliko atakavyotusikiliza sisi.

Tukutane toleo lijalo.